Tembe wakikaribia kutaga: walishwe nini, na waanze lini?

SWALI: Nina kuku 60 wa mayai, ISA Brown, hapa Kasarani. Wametimiza wiki 16 na bado wanakula chakula cha kukuzia. Jirani ananiambia niwape cha kutagia sasa hivi ili watage mapema. Nimsikize?
*Msomaji, Kasarani*

JIBU: Hapana ndugu, subiri kidogo. Chakula cha kutagia hakimharakishi tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Kinachomleta kwenye yai la kwanza ni umri, uzito na saa za mwanga. Ukilinganisha gunia lililoandikwa Growers Mash na lile la Layers Mash, tofauti kubwa si protini, kama wengi wanavyodhani. Ni kalsiamu. La kwanza lina takriban asilimia 1, la pili asilimia 3.5 hadi 4. Kuku anayetaga huihitaji kalsiamu hiyo kujengea ganda, na ganda moja hubeba gramu 2 hivi. Tembe ambaye hajaanza hana pa kuipeleka, kwa hiyo figo zake ndizo zinazohangaika kuitoa. Akilishwa hivyo wiki nyingi, figo huharibika na kujaa chembe nyeupe kama chaki. Hasara yenyewe huja miezi baadaye: kuku aliyekuwa akitaga vizuri anakutwa amekufa asubuhi, na mfugaji analaumu chanjo.

Kuchelewa nako kuna madhara. Kuku akianza kutaga huku akila cha kukuzia, kalsiamu ya ganda huitoa kwenye mifupa yake. Mayai kumi ya kwanza yanaweza kuwa mazuri kabisa, kisha unamwona amelala ubavu, miguu haina nguvu.

Kwa hiyo angalieni kuku wenyewe kuliko kalenda. Upanga wa kichwani na ndevu hukolea wekundu. Ukimkaribia na kumgusa mgongo, anachutama na kutandaza mabawa. Mshike jioni, upime mifupa miwili ya nyonga pembeni mwa njia ya yai: ikiwa imebana kidole kimoja, bado, vidole viwili vikipita kwa urahisi, amekaribia. ISA Brown wengi hufika hapo kati ya wiki ya 17 na 19. Kienyeji walioboreshwa huchukua kama miezi mitano, na kienyeji wa kawaida hata zaidi.

Dalili hizo zikionekana kwa kuku wengi, anza kuchanganya. Katika umri huo kila mmoja anakula karibu gramu 100 kwa siku, yaani kilo 6 kwa kuku wako 60. Siku tatu za kwanza weka kilo 4.5 za kukuzia na kilo 1.5 za kutagia. Siku tatu zinazofuata, kilo 3 kwa kilo 3. Tatu nyingine, kilo 1.5 kwa kilo 4.5. Siku ya kumi, cha kutagia kitupu. Ule mchanganyiko wa nusu kwa nusu una kalsiamu ya asilimia 2 na ushei, kiwango kilekile cha chakula cha mpito ambacho maduka mengi ya mifugo hayaweki. Mayai yakianza kuonekana kabla hujamaliza ratiba, ruka hatua uende moja kwa moja kwenye cha kutagia.

Wakishika kasi watakula gramu 115 hadi 120. Hiyo ni kilo 7 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 70 linakwisha kwa siku kumi. Likikaa siku 13, hawali vya kutosha: angalia maji kwanza. Kuku 60 hunywa lita 12 hadi 15, na zaidi katika joto la Januari na Februari.

SWALI: Kuku wangu wana wiki 21 na hawajataga hata yai moja. Nibadilishe kampuni ya chakula?
*Msomaji, Kayole*

JIBU: Kabla ya kubadilisha, wapime kumi. Kuku wa mayai wa kisasa wa wiki 17 anapaswa kuwa na karibu kilo 1.4, walio chini ya hapo walidumaa mapema, na dawa yao ni chakula cha kutosha na muda. Kisha angalia mwanga. Nairobi tuna mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, na banda la mabati lililobanwa kati ya nyumba za ghorofa hupata pungufu. Ongeza taa jioni mpaka jumla ifike saa 14, nusu saa kila wiki, na usipunguze tena.

SWALI: Mayai yanatoka na ganda laini, mengine hayana ganda kabisa. Nawapa chakula cha kutagia wiki ya tatu sasa.
*Msomaji, Ruai*

JIBU: Yai moja moja la hivyo mwanzoni ni kawaida, mwili bado unajifunza. Yakiwa mengi, tazama chokaa iliyo kwenye chakula, maana ndiyo inayoleta kalsiamu. Ganda hujengwa usiku, wakati kuku hali chochote, na chokaa iliyosagwa kama unga huwa imeshapita tumboni. Weka chombo cha pembeni chenye chokaa ya chengachenga au magamba ya chaza yaliyovunjwa, hasa saa kumi jioni. Kila kuku atachukua anachohitaji. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta. Iwapo mayai laini yanaambatana na kukohoa au idadi kushuka ghafla, huo ni ugonjwa. Mwite daktari wa mifugo.

SWALI: Naweza kuchanganya mwenyewe nipunguze gharama?
*Msomaji, Dagoretti*

JIBU: Unaweza, ukiwa na mizani. Kwa kilo 100: mahindi yaliyobarazwa 56, mashudu ya soya 14, chokaa ya mifugo 8, poladi (makapi laini ya ngano) 7, mashudu ya alizeti 7, omena 5, unga wa mifupa 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 0.5 au kadiri pakiti inavyosema, chumvi 0.3, na viini vya protini viwili, methionini 0.1 na laisini 0.1. Hapo unapata protini ya asilimia 16 na nusu hivi. Vile vidogo vichanganye kwanza na kilo 2 za unga wa mahindi ndipo uvimwage kwenye rundo, la sivyo kuku mmoja anapata chumvi yote. Kama unatumia soya nzima, ikaange, maana mbichi huzuia protini kusagika.

Viungo viwili ndivyo vinavyowaponza wachanganyaji. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuyaanika au kuyasaga hakuiondoi. Kama yananuka uvundo, yaache hata kwa bei ya bure. Omena nayo huongezewa mchanga ili iwe nzito. Kabla ya kulipa, tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja dakika mbili: mchanga unatulia chini, unauona kwa macho. Na usizidishe omena, mayai yataanza kunuka samaki.