Shangazi, nina kifungo cha nje Minnesota na nimeshtakiwa Iowa

*"Shangazi, naishi St. Paul, natumikia kifungo cha nje kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa. Mwezi jana nilienda harusini Des Moines bila ruhusa ya afisa wangu wa probesheni. Nje ya ukumbi nikampiga jamaa ngumi, nikalala selo. Mwendesha mashtaka anasema nikikiri nitalipa faini tu. Karatasi ya mahakama nimeificha chini ya kiti cha gari, mke wangu hajui. Nikiri yaishe? Au nirudi Kenya? Nina ukazi wa kudumu, si uraia."*

Mwanangu, usikiri bado. Wewe unaiona faini tu, lakini ukikiri Iowa, hukumu hiyo itamfikia hakimu wako wa Minnesota ikiwa imeiva. Hatahitaji shahidi, umeshajishuhudia mwenyewe. Wala usidhani Iowa wakiifuta kesi umepona. Kuvunja masharti ya kifungo cha nje hakupimwi kwa mizani nzito ya kesi ya jinai, na kutoka jimboni bila ruhusa ni kosa peke yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukazi wako. Yuko dereva wa lori, Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40. Alikamatwa Kentucky na bangi, wakili wake akamwambia asijali, amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, kumbe kukiri kule kulimfungulia njia ya kufukuzwa nchini. Kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tangu 2010 wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Muulize wako, akujibu kwa maandishi.

Huna pesa? Omba wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, Iowa na Minnesota pia, na wawili hao wazungumze. Wa uhamiaji utamlipa mwenyewe. Hiyo nauli ya Kenya uliyokuwa ukiipigia hesabu, mpe yeye. Ukikimbia, hati ya kukamatwa itabaki inakungoja huku, na mkeo atabaki upande wa pili wa bahari.

Afisa wako ataarifiwe, tena upesi, maana masharti mengi yanakutaka useme ukikamatwa. Lakini apelekewe na wakili: tarehe, mahali, shtaka, basi. Usimsimulie ngumi ilianzaje. Hapo hapo Minnesota kuna mtu aliyemfungukia afisa wake kama rafiki, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema maneno yale yanaweza kutumika dhidi yake.

Usikate tamaa. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua mwaka 1980 kwamba hakimu hafuti kifungo cha nje kwa kuwa tu sharti limevunjwa. Lazima aone ulivunja kwa makusudi au bila sababu ya maana, na kwamba haja ya kukufunga inazidi ile ya kukuacha nje. Kwa hiyo barua ya mwajiri ina uzito. Na kama ulikuwa umekunywa usiku ule, jambo ambalo hukuniandikia, anza matibabu ya pombe wiki hii, kabla hujaamriwa.

Leo jioni itoe ile karatasi chini ya kiti, umpe mkeo aisome. Polisi wakija na hati, yeye ndiye atakayewafungulia mlango, na ndiye atakayempigia wakili simu.