Pesa za makampuni kwenye uchaguzi wa Marekani: maswali yenu

Kwa nini wanaharakati wanaotaka kuzuia pesa hizi wahangaike kurekebisha Katiba? Bunge si litunge sheria tu? (Dodoma)

Sheria zilikuwepo, zikabatilishwa. Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji 5 wa Mahakama ya Juu dhidi ya 4 waliamua kwamba kampuni inaweza kutumia fedha zake itakavyo kumpigia debe mgombea au kumpinga, mradi haishirikiani naye. Msingi wa hoja uliwekwa tangu 1976: kutumia pesa kwenye siasa ni sehemu ya uhuru wa kujieleza.

Tazama yaliyowapata watu wa Montana. Mwaka 1899 William Clark, tajiri wa migodi ya shaba, alitaka useneta, na wakati huo maseneta walichaguliwa na wabunge wa jimbo. Mbunge mmoja alisimama akawaonyesha wenzake bahasha zenye dola 30,000 za hongo. Clark akachaguliwa vilevile! Mwaka 1912 wananchi wenyewe wakapiga kura kuzuia fedha za makampuni, na sheria yao ikadumu miaka mia. Juni 2012 Mahakama ya Juu iliifuta bila hata kusikiliza hoja za mdomo. Sheria ya kawaida haifui dafu mbele ya tafsiri ya Katiba, ndiyo maana wanaikimbilia Katiba yenyewe.

Kwa hiyo kampuni humpa mgombea pesa mkononi? (Mombasa)

La. Kwa wagombea wa ngazi ya taifa hilo ni marufuku tangu 1907. Fedha hupitia kamati zinazojiita huru, maarufu kama super PAC, ambazo hazina kikomo cha kupokea wala kutumia. Uhuru wenyewe, mara nyingi, ni wa kwenye makaratasi.

Mwananchi wa kawaida anaanzia wapi? (Kampala)

Mjini kwake. Aprili 2011 wapiga kura wa Madison, Wisconsin, waliulizwa kama wanataka Katiba irekebishwe kudhibiti pesa hizi. Asilimia 84 wakasema ndiyo. Novemba 2012 Montana nayo ikaitikia, takriban robo tatu ya kura. Majimbo zaidi ya 20 yamekwisha kuitaka Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ichukue hatua. Kura hizi hazimlazimishi mtu, ni shinikizo tu.

Mlima uko mbele: ili Katiba irekebishwe zinatakiwa theluthi mbili za kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, kisha ridhaa ya majimbo 38 kati ya 50. Mwaka 2014 pendekezo lilipata kura 54 kwa 42 katika Seneti, likakwama kwa sababu zilitakiwa 60 ili kufunga mjadala tu. Lakini mwaka 1971 Katiba ilirekebishwa kuwapa kura vijana wa miaka 18, baada ya Mahakama kukataa sheria ya kawaida iwape kura hiyo katika chaguzi za majimbo, na kazi ikaisha kwa miezi mitatu na ushee.

Je, marekebisho hayo yatamgusa tajiri Elon Musk? (Nairobi)

Swali zuri kuliko yote. Mwaka 2024 alitumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi, naye ni mtu, si kampuni. Marekebisho yenye maneno yanayosema tu "kampuni si mtu" yatampita kando. Yanayoruhusu kuwekewa kikomo matumizi yoyote ya kampeni yatamkamata. Mimi naona haya ya pili ndiyo yenye meno, ingawa wapinzani wana hoja: vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia navyo hutumia pesa kusema. Mwaka 2014 hata ACLU, watetezi wa haki za raia, walipinga pendekezo lile.

Nina grini kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, bila uraia). Naruhusiwa kushiriki? (Minneapolis)

Kuchangia kampeni unaruhusiwa, ila pesa iwe yako, isiwe ya mjomba aliyeko nyumbani. Kuzungumza kwenye kikao cha baraza la jiji pia ruksa. Fomu za kudai kura ya maoni kwa kawaida husainiwa na wapiga kura walioandikishwa, kwa hiyo uliza kwanza. Na ukiletewa karatasi ya kujiandikisha kupiga kura, usitie saini, hata anayekuletea awe mcheshi namna gani. Inaweza kukukosesha uraia baadaye.