Jibu: Tangi la choo linajijaza lenyewe usiku

Habari ndugu. Umesema tangi linajijaza kila baada ya dakika chache ingawa hakuna aliyeflashi, na boya umeshabadilisha. Nadhani boya umelionea bure. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi, subiri nusu saa. Rangi ikishuka kwenye bakuli, mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kushushia maji, hauzibi vizuri.

Funga maji, flashi, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu unapokaa mpira. Kwangu kulikuwa na magamba ya chokaa, yanakwaruza kama mchanga. Niliyasugua kwa sifongo, kelele zikaisha bila kununua kitu. Mpira ukikuachia weusi vidoleni, umeoza huo, badilisha. Angalia pia mnyororo unaouinua huo mpira usikaze mno.