Maswali na Majibu: Chaguo lipi linadhoofisha hoja?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Najiandaa na GMAT, mtihani wa kujiunga na shahada za uzamili za biashara. Kwenye maswali yanayotaka chaguo linalodhoofisha hoja, matatu nayaondoa haraka, mawili ya mwisho yananishinda. Mwenzangu wa masomo ananishauri nifute kila chaguo lenye habari ambayo haimo kwenye hoja. Nikimfuata, ndiyo nakosa zaidi. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Achana na ushauri huo. Unafaa pale swali linapouliza nini kinathibitika kutokana na maelezo. Kwenye kudhoofisha, swali lenyewe husema "ikiwa ni kweli": kila chaguo lichukue kuwa kweli, hata likikushangaza, kisha upime linaifanyia nini hoja. Habari mpya ndiyo inayotafutwa.

Tumetunga mfano. Duka la nguo Kariakoo lilianza kupokea malipo ya simu kwa Lipa Namba mwanzoni mwa Ramadhani. Mwezi huo mauzo yalipanda kwa asilimia 30 kuliko mwezi uliotangulia. Kwa hiyo, Lipa Namba ndiyo iliyopandisha mauzo. Machaguo:

A. Baadhi ya wateja wa duka hilo bado hulipa taslimu.
B. Wateja wengi hulalamikia makato ya kutoa pesa kwa wakala.
C. Maduka jirani yasiyopokea Lipa Namba nayo yalipandisha mauzo kwa kiwango hichohicho mwezi huo.
D. Wengi waliolipa kwa simu hawakuwahi kununua hapo kabla.
E. Faida ya duka haikuongezeka mwezi huo.

Usiyaguse machaguo kabla hujajua hoja imesimama juu ya nini. Hitimisho limeletwa na "kwa hiyo". Ushahidi ni kwamba mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja, basi. Ili kutoka kwenye ushahidi huo hadi kwenye hitimisho, mtoa hoja amechukulia bila kusema kwamba hakuna kingine kilicholeta wateja. Andika pembeni: "hakuna sababu nyingine". Hapo ndipo pa kupiga.

Jibu ni C. Kama majirani wamepanda vilevile bila Lipa Namba, huenda ni manunuzi ya Idi tu. Angalia kwamba C haijathibitisha kuwa Lipa Namba haikusaidia kitu, na wala haihitaji kuthibitisha. Wengi hulitupa chaguo sahihi kwa sababu halibomoi hoja yote. Umeombwa kuidhoofisha, ikibaki na nguvu pungufu, inatosha.

E ndiyo inayowanasa wasomaji makini. Hoja inazungumzia mauzo, si faida. Gharama zikipanda, mauzo yanaweza kukua na faida isisogee. D inagusa kiini cha hoja, lakini inaitia nguvu. Ukiwa na haraka utavutwa nayo kwa kuwa inahusiana, ukasahau unatakiwa kuelekea wapi. Weka alama ya kutoa (−), ikukumbushe kudhoofisha, kando ya swali kabla ya kusoma machaguo. B haina uhusiano na malipo ya dukani.

A ina neno "baadhi", ambalo linaweza kuwa watu wachache mno, na hakuna aliyesema wote wanalipa kwa simu. Lakini usilifute kila chaguo lenye "baadhi": hitimisho likidai "wote" au "hakuna hata mmoja", mfano mmoja kinyume chake unaliangusha.

Ukibaki na mawili, jiulize: mtoa hoja akiambiwa hili, atalazimika kujitetea, au atajibu "sawa, na hitimisho langu liko palepale"? Akijibu hivyo, lifute.

Sehemu ya GMAT yenye maswali haya (Verbal Reasoning) ina maswali 23 kwa dakika 45, yakiwemo ya ufahamu. Dakika mbili zikipita, chagua, weka alama, endelea. Mwishoni unaruhusiwa kubadili majibu hadi 3.

SWALI: Nami nafanya LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria. "Yote yanadhoofisha hoja isipokuwa lipi?" Je, nitafute linaloimarisha?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana. Manne yanadhoofisha, la tano linaweza kuimarisha, au lisiguse hoja kabisa, na mara nyingi ni hili la pili. Kila chaguo liwekee herufi: D likidhoofisha, X lisipodhoofisha, kisha chukua lenye X. Ukipata X mbili, rudia kusoma hitimisho kabla ya kurudia machaguo, maana huenda ulilisoma kwa upana kuliko lilivyoandikwa. Tangu Agosti 2024 mtihani huo una sehemu mbili za hoja zinazohesabiwa, kila moja dakika 35, kwa hiyo aina hii ya maswali inastahili muda wako wa mazoezi.