Kongosho linajuaje kuwa umekula, na kwa nini halijimeng'enyi lenyewe?

Mkuu, umeuliza maswali mawili: kongosho linajuaje kuwa umekula, na kwa nini vimeng'enya vyake haviliunguzi lenyewe. Nafundisha wauguzi hapa Dodoma, na hilo la pili ndilo wanafunzi hunifuata nalo hata kipindi kikiisha. Nitalikalia zaidi.

La kwanza ni fupi. Umekula mbuzi choma pale mnada wa Msalato. Mafuta na protini zikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za ukuta wake hutoa homoni ya kolesistokinini. Homoni hiyo huamsha neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, nayo neva hupeleka asetilikolini, kemikali ya kubeba ujumbe, kwenye seli za kongosho. (Sekretini, homoni nyingine ya utumbo, waliyoigundua wanasayansi Bayliss na Starling London mwaka 1902, kazi yake hasa ni kuleta maji yenye bikaboneti ya kupooza asidi.)

Sasa tuingie ndani ya seli. Asetilikolini yenyewe haiingii. Inashika kipokezi kwenye utando, na mle ndani anazaliwa mjumbe mwingine, IP3, anayefungulia kalsiamu iliyohifadhiwa. Watafiti Streb, Irvine, Berridge na Schulz walilionyesha hilo mwaka 1983, tena kwa seli za kongosho hizihizi! Kalsiamu ikipanda, vifuko vya vimeng'enya hujishika na utando na kumwaga vilichobeba.

Uzuri wote uko kwenye muda na mahali. Kalsiamu hupanda kwa mapigo mafupi, hasa upande wenye vifuko, kisha pampu huiondoa. Tripsini nayo, kimeng'enya cha kusaga protini, husafiri ikiwa bado tripsinojeni, yaani hali yake iliyolala, haina makali mpaka ifike utumbo. Lakini kalsiamu ikibaki juu na kuenea seli nzima, tripsinojeni huamka humohumo ndani na kongosho huanza kuliwa. Mawe ya nyongo na pombe ya kupindukia ndivyo visababishi vikubwa.

Nimewahudumia wagonjwa wa namna hii wodini, na inaniuma kwamba wengi nyumbani walikuwa wameambiwa ni vidonda vya tumbo, wanywe maziwa. Maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni huku mtu anatapika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe lipase au amilase kwenye damu. Seli zikiumia, vimeng'enya vilivyopaswa kwenda utumboni huvujia kwenye damu, na kipimo huvikuta huko.