Intel au ARM? Iulize Kwanza Printa ya Risiti

Wiki jana msomaji mmoja wa Rongai aliniandikia: "Kaka, nimeweka akiba ya laptopu. Ninunue ya Intel au hizi mpya za ARM? Nasikia Intel imekwisha." Hizo ni aina mbili za chipu, yaani ubongo wa kompyuta, na kila aina ina lugha yake ya maagizo. Nilicheka, kisha nikakumbuka nilivyochekwa mimi.

Nilikuwa nimeajiriwa Westlands. Nikapendekeza seva zetu zihamie ARM, maana tangu 2018 Amazon ilikuwa inakodisha chipu yake ya ARM, Graviton, kwa bei nafuu. Mkubwa wangu akasema mbele ya wote, "ARM ni ya simu." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nilipoondoka wakahama, na aliyepigiwa makofi ni yeye. Hayo tuyaache.

Intel kuzikwa ikiwa hai si habari mpya. Ukoo wa x86, yaani lugha ya maagizo ya chipu za Intel, ulianza na chipu ya 8086 mwaka 1978. Intel wenyewe walijaribu njia nyingine kwa chipu ya Itanium, isiyo ya x86, iliyotoka 2001. Mwaka 2003 washindani wao AMD wakaivuta x86 ile ile hadi biti 64, programu za zamani zikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Mwaka uliofuata Intel ikalazimika kufuata, na Itanium ikafifia hadi shehena za mwisho 2021. Hata Apple walipoleta chipu yao ya ARM, M1, mwaka 2020, waliiambatanisha na Rosetta 2, inayotafsiri programu za Intel. Watu hawaziachi programu zao.

Mimi nimeyaona hayo River Road, kwa mteja mwenye duka la jumla. Seva yake niliipeleka ARM, na bili ya mwezi ikashuka. Usiku wa kwanza skrini ilitoa "exec format error", kijana ninayefanya naye kazi akaanza kutokwa jasho. Nikamwonyesha: programu ilifungashwa kwenye laptopu ya Intel, kwa hiyo maagizo yake ni ya x86, na ARM haiyajui. Tukaiagiza Docker, chombo cha kufungasha programu, itufungashie kwa chipu za aina zote mbili, tukaenda kula.

Printa ndiyo iliyotushinda. Mwana wa mteja huyo alimnunulia mzee wake laptopu ya Windows yenye Snapdragon, ambayo ni chipu ya ARM. Programu ya mauzo ikafunguka vizuri, kwa sababu Windows huitafsiri. Ila dereva, ile programu ndogo inayoendesha printa, haitafsiriwi; lazima iwe imeandikiwa ARM, na waliotengeneza printa ile hawakuiandika. Foleni ya wateja ikafika mlangoni. Mzee akairudisha ThinkPad yake kuukuu ya Intel kaunta, risiti zikatoka.

Kwa hiyo vijana wenzangu, acheni kushabikia chipu kama Gor na AFC! Ukiandika programu za wavuti au za simu, chukua ARM; stima ikipotea utaendelea na kazi, betri zake zinadumu. Lakini MacBook zenye chipu za M haziongezwi RAM, kwa hivyo lipia ya kutosha tangu mwanzo. Ukihudumia maduka na wahasibu, baki x86. ThinkPad T480 iliyotumika ina nafasi mbili za RAM, na fundi yeyote wa mjini anaifungua.

Na wewe wa Rongai, kabla ya kulipa, beba flashi yenye programu zako uziwashe pale pale dukani. Muuzaji akikataa, Moi Avenue ina maduka mengine.