Makapi ya chungwa, antibayotiki, na balungi kwa mwenye presha

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Huku Muheza msimu ukifika chungwa natoboa juu, nafyonza maji, makapi natupa. Binti yangu anasema natupa flavonoidi. Ni kweli? – Mama wa Muheza

JIBU: Mama, binti kasema kweli kuhusu flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, ila si yote unayoyatupa. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukifyonza unaipata. Flavonoidi kuu ya chungwa, hesperidini, haiyeyuki kirahisi. Imejaa kwenye ile nyeupe iliyo chini ya ganda na kwenye ngozi za vipande, yaani hayo hayo makapi.

Ikimezwa haina haraka. Hesperidini ni hesperetini iliyofungwa kwa sukari mbili: glukosi, na ramnosi kwa nje. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba hukata glukosi, lakini ramnosi imekaa mlangoni na mkasi wake havina. Mzigo hushuka hadi utumbo mpana, kwa bakteria wenye mkasi huo. Hesperetini ikifunguliwa hupenya ukuta wa utumbo; hapo hapo, na tena kwenye ini, hubandikwa asidi ya glukuroniki au salfeti ili itoke kwa mkojo. Ukila chungwa saa 1 asubuhi, kiwango kwenye damu hufika kileleni kati ya saa 6 na saa 8 mchana, na kesho yake asubuhi karibu yote imeshatoka.

Kinachopimwa kwenye mkojo huwa ni asilimia chache tu ya kilicholiwa. Wengi huishia hapo wakasema haina faida. Wanasahau kwamba bakteria huivunja pia kuwa asidi ndogo ndogo za fenoli, nazo hufyonzwa.

Menya ganda la rangi tu, bakiza nyeupe ya milimita 1 au 2, kisha utafune vipande na ngozi zake. Ukisaga, toa mbegu, usichuje, na unywe papo hapo: juisi ikikaa hujitengenezea limonini, ikawa chungu.

SWALI: Nimemaliza dozi ya antibayotiki. Machungwa yatanifaa vilevile? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Vitamini C, ndiyo. Hesperidini itafunguliwa kidogo kwa muda, kwa kuwa bakteria wamepungua. Hata wasiotumia dawa hutofautiana sana kwa hili.

SWALI: Baba anameza nifedipini ya presha. Kaambiwa asile balungi, lakini machungwa ruksa. Mbona yote ni jamii moja? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mkosaji mkuu hapa si flavonoidi bali furanokumarini, kemikali nyingine za mimea, ambazo balungi linazo na chungwa la kawaida halina za kutosha kudhuru. Ukuta wa utumbo una kimeng'enya CYP3A4 kinachoharibu sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Furanokumarini hukiua kabisa, dawa ikapita nyingi kupita kiasi: presha inashuka mno, kizunguzungu, miguu kuvimba. Glasi moja ya mililita 200 inatosha.

Kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii, maana mwili huhitaji siku 1 hadi 3 kutengeneza kimeng'enya kipya. Danzi nalo aliache. Simvastatini ya kolesteroli huathirika vivyo hivyo. Kama ameshakula, asikatishe dawa kwa uamuzi wake. Apimwe presha na amweleze mfamasia.